Swali la Tisa

Kiti chenye mikono ni adui yangu. Nasema mapema ili tuelewane. Kliniki za Sydney zimejaa viti hivyo: ukikaa vinakubana nyonga, ukisimama vinataka kuondoka na wewe, na watu wote chumbani wanajifanya wanasoma simu. Kwa hiyo nikifika kazini sikai. Nasimama mlangoni, naenda kwenye mashine ya maji, narudi, nasoma tangazo la chanjo ambalo nimeshalisoma mara ishirini. Wauguzi wanadhani ni nidhamu, kwa kuwa mkalimani haruhusiwi kupiga soga na mgonjwa kabla hawajaitwa. Waache wadhani.

Jina langu Leokadia, mtu wa Bukoba. Nilikuja hapa kusoma, nikaolewa na Thobias ambaye naye alikuwa anasoma, tukapanga Kensington karibu na chuo, na chuo kilipoisha tukabaki palepale. Huu ni mwaka wa kumi na tisa. Nina kilo mia moja na ishirini na moja. Nimezitaja mwenyewe ili usihangaike kukisia.

Sasa kazi yenyewe. Mkalimani husema "mimi". Mgonjwa akisema "naumwa mgongo," wewe husemi "anasema anaumwa mgongo." Unasema kwa Kiingereza: naumwa mgongo. Basi. Unakuwa yeye kwa dakika ishirini. Huongezi, hupunguzi, na lolote likisemwa mle chumbani unalifasiri, hata kama ni tusi, hata kama ni lako. Mzee mmoja aliwahi kuuliza huyu ng'ombe mnene mmemtoa wapi. Nikamgeukia daktari, nikamwuliza kwa sauti ya heshima kabisa huyu ng'ombe mnene mmemtoa wapi. Daktari alitamani ardhi ipasuke. Mimi nilichukua ujira wangu nikaenda zangu.

Miaka kumi na moja nilijisifu kwamba sijawahi kuangusha neno. Mpaka nilipokutana na Katungu.

Si jina lake. La kwake siruhusiwi kulitaja, na sheria nilizovunja zinatosha. Ni Mkongomani wa Beni, miaka yake arobaini kasoro, mumewe alizikwa hukohuko. Anakaa Minto na watoto watatu, mkubwa wao Gloire, binti wa miaka kumi na minne anayeelewa kila neno la mama yake na kujibu kwa Kiingereza. Kazini ni Smithfield, kwenye ghala, anafunga mizigo. Mnene kama mimi, labda kilo tano pungufu. Na anacheka. Mungu wangu, mwanamke yule anacheka!

Kliniki ilikuwa hapohapo Minto, na nesi wa kisukari aliitwa Cheryl. Cheryl ana roho nzuri, ila saa ya ukutani humkimbiza. Siku ya kwanza tulikaa wote wawili kwenye viti vya mikono. Katungu akaniangalia ninavyojisukuma ndani ya changu, akajiangalia na yeye, akacheka mpaka akafuta macho.

"Dada, hii kiti walitengenezea watoto," akasema.

Nikafasiri. Cheryl akatabasamu kwa adabu, akafungua kompyuta, na wimbo ukaanza. Nusu ya sahani mboga. Punguza ugali. Soda acha. Tembea nusu saa kila siku. Wimbo huo nimeufasiri mara mia tano, na kila mara naufasiri nikitazama meza. Sisi wanene tunaujua. Ukienda na jino, punguza wali. Ukienda na mshale kichwani watakuuliza kwanza umekula nini asubuhi. Unalalaje, hakuna anayeuliza.

Miezi mitatu baadaye sukari ilikuwa imepanda. Kuna kipimo cha damu kinachoonyesha sukari ya miezi mitatu kwa pamoja, hukidanganyi kwa kushinda njaa siku moja kabla. Mara ya kwanza kilisoma nane. Sasa kilisoma tisa na nusu. Cheryl akauliza kuhusu vidonge. Ninakunywa, alisema Katungu. Ugali? Nimepunguza. Kutembea?

"Kule Smithfield natembea siku muzima ndani ya ghala. Nitembee tena wapi?" Akacheka. "Kanisani wanasema Australia imenipenda. Wanasema nimenona."

Nilimkasirikia Cheryl kwa maswali yake. Nilimkasirikia Katungu pia kwa kile kicheko. Mtu mnene hujifunza mapema kucheka kabla hajachekwa, na nayajua hayo kwa sababu mimi ni bingwa wake. Muulize mtu yeyote Kensington. Leokadia? Ah, yule mcheshi!

Mara ya tatu kipimo kilisoma kumi na moja. Siku hiyo Cheryl aliisukuma kompyuta pembeni. Akaeleza, nami nikafasiri, kwamba huzuni ikikaa sana ndani ya mtu haibaki moyoni tu. Inaingia mwilini. Usingizi unakatika, mwili unakesha, na mwili unaokesha hupandisha sukari hata kama umekula majani matupu. Sukari ikipanda mtu anachoka, akichoka moyo unazidi kuzama, na moyo uliozama unatafuta kitu cha kutia mdomoni. Kipi kilianza hatujui, alisema, wala hatuna haja ya kujua. Tutashika popote tunapoweza kushika. Katika miaka yangu yote ya kliniki sikuwahi kusikia mtu akiyasema hayo kwa mwanamke mnene bila kutaja ugali. Nilifurahi. Halafu nikaogopa, mguu wangu ukaanza kutikisika chini ya meza.

Akatoa karatasi yenye maswali tisa. Wiki mbili zilizopita, ni siku ngapi umekosa raha na mambo unayoyapenda? Hakuna hata moja, siku kadhaa, zaidi ya nusu ya siku, au karibu kila siku?

"Raha gani, dada?" alisema Katungu. Nikafasiri.

Usingizi?

"Siko nalala. Naangalia plafond mpaka saa ya kazi."

Nikafasiri. Plafond kwao ni dari. Chakula? Hapo alinong'ona. Alisema anakula amesimama jikoni watoto wakishaenda shule, mkate, sukari juu ya mkate, hasikii hata ladha, na kwamba vile vidonge siku nyingine anavitazama tu, anavirudisha. Nikafasiri hayo pia, neno kwa neno, nikisema mimi, mimi, mimi. Nilisema kwa Kiingereza nakula nimesimama jikoni.

Swali la tisa lilikuwa hili: ni siku ngapi umewaza kwamba ingekuwa afadhali ufe?

Katungu alichezea kamba ya mkoba wake. Halafu akacheka, akasema, "Kila siku, dada. Mungu angenichukua niko nalala, ingekuwa muzuri tu. Hapa siyo Beni. Watoto wako na serikali, itawalea kuliko mimi."

Nami nikasema, kwa Kiingereza safi cha miaka kumi na tisa, "Hapana. Anamwomba Mungu."

Cheryl akaandika.

Sikusema hata "mimi". Nilisema "anamwomba", kama jirani anayepitisha habari dirishani. Majibu mengine yalitosha kumpeleka Katungu kwa mshauri nasaha, lakini kwa kuwa la tisa lilikuwa "hapana" aliwekwa kwenye foleni ya kawaida. Miezi minne. Alinishukuru wakati wa kutoka. Aliniambia ubarikiwe, dada, unasema vizuri.

Visingizio nilivipata kabla sijafika kwenye gari. Kwetu shangazi akiunguza maharage husema heri nife, na hakuna anayeita ambulensi. Hilo moja. La pili, Wakongomani wa huku wote wanaamini kwamba mama akionekana ana tatizo la akili, serikali inakuja kubeba watoto, na mimi nilikuwa namlinda. Visingizio vizuri. Nilivirudia barabara kuu nzima ya M5 mpaka nikapita njia ya kutokea, ikabidi nizunguke uwanja wa ndege.

Ukweli nao niuseme. Asubuhi ileile kabla ya miadi, niliegesha gari nyuma ya maduka ya Minto nikala kuku nusu na chipsi kubwa, peke yangu, vioo vimefungwa, saa tatu asubuhi. Thobias anajua nakunywa chai bila sukari. Nilipomaliza nilifuta mikono, nikaangalia boksi tupu, nikasema kwa sauti: Mungu, si unichukue tu. Hayo hayakuwa maharage yaliyoungua. Nilimaanisha. Sasa saa moja baadaye mwanamke mwingine ananipa maneno yaleyale niyaseme kwa Kiingereza, mbele ya mtu mwenye kalamu, nikianza na "mimi". Sikuweza. Yangekuwa kweli, na mtu angeyasikia.

Basi ndipo nikaacha kutulia. Miezi ile sikukaa chini. Nilichukua kazi kila pembe ya jiji, Liverpool asubuhi, Blacktown mchana, nikiwa nyumbani napanga kabati ambalo nimelipanga jana. Thobias akaniuliza, "Mama, una nini?" Nikamwambia sina kitu, naomba unipishe nideki hapo. Daktari wangu mwenyewe alinitumia ujumbe mara tatu nikapime damu, nikafuta mara tatu. Na kila nikiamka, kabla hata ya kunawa uso, nilifungua lile kundi la WhatsApp la watu wetu wa Afrika Mashariki, ambako misiba hutangazwa kwa picha ya marehemu na mshumaa pembeni. Nilikuwa natafuta uso wa Katungu. Nisipouona nalala tena dakika tano, nikiwa na furaha ya kijinga, halafu naanza kuhesabu saa mpaka kesho.

Kwa nini sikupiga simu? Niulize. Namba ya kliniki ilikuwa kwenye simu yangu. Kila siku nilisema kesho, maana kupiga simu ni kusema nilidanganya, na mkalimani aliyedanganya hana kazi. Hivyo ndivyo roho yangu ilivyokuwa, sina pa kuificha.

Ombi la kazi lilikuja Jumatatu: Minto, Jumanne, saa nne asubuhi, kisukari. Jina lake. Ningeweza kulikataa, wangempa mtu mwingine. Nilibonyeza kukubali, nikakaa na simu mkononi.

Nilipoingia mapokezi alikuwa ameshaitwa. Nikamkuta ndani, kwenye kiti kilekile, amenyoosha nywele, amevaa kitenge kizuri cha kanisani. Hakucheka. Nilimsalimu, Mama Gloire, habari za siku nyingi, akaniambia ni nzuri, dada. Juu ya meza Cheryl alikuwa amepanga kalamu za sindano, zile zilizojazwa dawa tayari, boksi zima. Daktari ameamua aanze insulini, alisema. Vidonge vimeshindwa.

Vidonge havikushindwa! Vidonge havikunywewa, na waliojua ni mimi na Cheryl na karatasi ya miezi mitatu iliyopita, ila Cheryl aliona hapo mtu mchovu na mimi niliona mtu mwingine kabisa. Alianza kufundisha. Sindano unashika hivi, unachoma tumboni, unabadilisha mahali. Nikafasiri. Kiasi alichoandika daktari usikizidishe, maana sukari ikishuka mno mtu anazimia, anaweza hata kufa. Nikafasiri. Katungu alichukua kalamu moja, akaigeuza polepole. Kisha akauliza kwa adabu sana, "Hizi zote naenda nazo nyumbani leo?"

Nikafasiri, kwa kuwa ndiyo kazi. Cheryl akafurahi kuona mgonjwa ana bidii. Ndiyo, alisema, zote, weka kwenye friji.

Hilo ndilo sikulifasiri. Cheryl akanitazama. Katungu akanitazama. Kwenye kiti kile nilibanwa kila upande, na kama ningeweza kuinuka haraka nadhani ningekimbia, nisikudanganye. Lakini kuinuka haraka siwezi.

"Mkalimani anaomba kurekebisha kosa," nikasema kwa Kiingereza. Ndivyo tunavyofundishwa kusema. Mtu akikosea hujiita mkalimani. Halafu nikamgeukia yeye kwanza, maana maneno yalikuwa yake. "Mama Gloire, siku ile ya yale maswali nilipunguza maneno yako. Ulisema kila siku. Mimi nilimwambia hapana. Nisamehe. Sasa nayarudisha."

"Dada, hapana!" Aliushika mkoba kifuani. "Watachukua watoto! Wewe ni mama gani? Mimi nilikuambia wewe, sikumuambia huyu muzungu!"

Nikafasiri yote. Nilifasiri "huyu mzungu", nilifasiri "wewe ni mama gani", na mimi sina mtoto hata mmoja. Kisha nikamwambia Cheryl jibu la swali la tisa kama lilivyotolewa: kila siku. Mungu angenichukua nikiwa nimelala ingekuwa vizuri tu. Watoto wangu wana serikali, itawalea kuliko mimi.

Cheryl hakupiga kelele. Alivuta lile boksi upande wake wa meza, taratibu, akaipokea na ile moja iliyokuwa mkononi mwa Katungu. Akazima kioo cha kompyuta. Kisha alitoka na kabrasha la Katungu, akasimama mlangoni akamwambia mtu wa mapokezi aahirishe wagonjwa wake wawili wanaofuata na amwite daktari, akarudi, na akavuta kiti chake mpaka magoti yakakaribiana na ya Katungu. Saa ya ukutani hakuiangalia tena.

"Hakuna anayechukua watoto kwa sababu mama yao anaumwa," alisema, nami nikafasiri. "Kazi yangu leo ni wewe kurudi kwao jioni, na keshokutwa, na mwakani. Insulini itasubiri. Hutoki hapa kabla daktari hajaongea na wewe, na mshauri ni wiki hii, si miezi minne."

Akanigeukia. Aliniambia kwamba itabidi aandike ripoti juu yangu. Alisema bila hasira, na bila kunipunguzia. Nikamfasiria Katungu: itabidi niandike ripoti juu ya mkalimani. Katungu akatoa macho.

"Watakufukuza?"

Nikamwuliza Cheryl: watakufukuza? Cheryl akasema sijui. Nikasema: sijui.

Katungu alikuwa analia sasa, bila sauti, machozi yanaingia kwenye kola ya kitenge. Cheryl alimwomba ruhusa ya kuuliza lile swali tena, ajibu mwenyewe, polepole. Siku ngapi? Katungu alieleza. Alieleza habari za plafond, na ghala, na mkate, na namna anavyosikia watoto wakicheka chumba cha pili na anaona kama wako mbali sana, anawaona wazuri bila yeye. Nilisema yote nikianza na mimi. Nakuambia, kuna sentensi katikati pale nilisahau ni nani aliyeianza.

Alipomaliza alifuta uso kwa kiganja. Halafu akaniangalia, si kama mtu anavyomwangalia mkalimani, maana mkalimani haangaliwi. Aliangalia uso wangu, na nadhani ulikuwa umelowa pia.

"Na wewe, dada?" akasema. "Siku ngapi?"

Cheryl akasubiri nifasiri. Hakujua ni kitu gani kimeulizwa. Ningeweza kumwambia lolote, anaomba maji, anauliza daktari anakuja saa ngapi. Nilikuwa nimeshajua njia.

Lakini lolote likisemwa mle chumbani linafasiriwa, hata kama ni lako. Nilimfasiri mzee wa ng'ombe, nikashindwa na huyu? Nikasema kwa Kiingereza: na wewe, dada, siku ngapi?

Cheryl aliweka kalamu chini. Wote wawili walikuwa wananitazama, na mguu wangu uliokuwa unatikisika kwa miezi mitatu ukaacha.

"Karibu kila siku, Mama Gloire," nikamjibu kwa Kiswahili, kwa kuwa yeye ndiye aliyeuliza. "Leo asubuhi pia, ndani ya gari."

Halafu nikamgeukia Cheryl nikayafasiri maneno yangu, na nikaanza na mimi.